Themostati ya baridi kwa gari la Dar: inasaidia nini, na kwa nini gari bado linachemsha

Ni Januari, foleni imesimama Mwenge, AC inafanya kazi, na mshale wa joto unaanza kupanda. Ukifika gereji utapewa jibu moja kati ya mawili. La kwanza: "Tutoe themostati kabisa, Dar hakuna baridi." La pili: "Tuweke ya nyuzi 76 badala ya 82, injini itapoa." Yote mawili yanasikika ya maana. Lakini kwa magari mengi yanayotembea mjini hapa, IST, Vitz, Passo, Raum, Premio, Noah, hakuna kati ya hayo mawili linalotibu ugonjwa, na la kwanza linaweza kuuzidisha.

Themostati inafanya nini hasa

Ni kilango kidogo cha chuma chenye springi, na katikati yake kuna kikopo kilichojaa nta. Nta ikipata joto huyeyuka, hutanuka na kusukuma kijiti, kilango kikafunguka. Injini ikiwa ya baridi kilango kimefungwa, maji yanazunguka ndani ya injini tu bila kupita kwenye rejeta, na ndiyo maana injini hupata moto haraka. Maji yakifika joto lililoandikwa kwenye themostati, kilango huanza kuyaachia yaende kupozwa.

Kwenye injini nyingi ndogo za Toyota namba hiyo ni 82. Huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84 za sentigredi, na ikifika 95 kilango kimeinuka milimita 8 au zaidi. Subaru zenye injini ya EJ, kama Forester nyingi za hapa, huanza mapema zaidi, kati ya 76 na 80, na kufikia 91 zimefunguka zote.

Sasa hili ndilo linaloamua kila kitu: themostati hupanga injini isishuke chini ya joto fulani. Isipande juu ya joto fulani hupangwa na rejeta, feni, wota pampu, mfuniko wa rejeta na maji yenyewe.

Chukua gari lililosimama kwenye foleni, maji yamefika nyuzi 95. Themostati ya 82 imeshafunguka. Ya 76 nayo imeshafunguka. Zote mbili zinapitisha maji kwenye rejeta ile ile inayopulizwa na feni ile ile. Feni ya umeme ya Toyota nyingi huwaka maji yakifika kati ya nyuzi 93 na 97 na kuzima yakishuka nyuzi kadhaa, na haijui wala haijali umefunga themostati gani. Kama rejeta imeziba, joto litapanda tu, labda kwa kuchelewa dakika chache kwa sababu lilianzia chini kidogo. Mahali utakapoona tofauti ni kwenye njia nyeupe, gari likitembea kwa 80 bila mzigo: maji yatakaa karibu nyuzi 78 badala ya 84. Huko hukuwa na shida tangu mwanzo.

Kinachopotea injini ikitembea ya baridi

Tuwe wakweli: tofauti ya nyuzi 6 peke yake haiui injini. Hasara inaanza kuonekana ukishuka hadi themostati za mashindano za nyuzi 71 au 68, na inakuwa kubwa ukitembea bila themostati.

Kompyuta ya injini husoma sensa ya joto la maji. Ikiona maji ya baridi inaamini injini ndiyo kwanza imewashwa, hivyo inaongeza petroli. Ukitoka Sinza kwenda Posta asubuhi kabla foleni haijaanza, unaweza kufika injini bado inalishwa petroli ya ziada. Gari linakula mafuta, plagi zinapata masizi, na petroli isiyoungua inaosha oili kwenye kuta za silinda kisha inashuka kwenye karta, lile beseni la oili chini ya injini. Mvuke wa maji unaopenya kwenye oili nao haupati joto la kuutoa. Fungua mfuniko wa oili wa gari lililotembea miezi kadhaa bila themostati, hasa la safari fupi fupi, uangalie upande wa chini: mara nyingi utakuta uji wa rangi ya chai ya maziwa umeganda pale. Wengi wakiuona wanadhani gasketi ya silinda hedi imekufa, kumbe ni injini isiyopata moto.

Kwenye gari la otomatiki kuna jingine. Giaboksi nyingi hazifungi ile kapulingi ya ndani inayoiunganisha na injini moja kwa moja, na nyingine hazipandi gia ya juu, mpaka maji ya injini yafike joto fulani. Injini inabaki inalia kwa mizunguko mingi, dereva anadhani giaboksi inakufa. Taa ya injini nayo inaweza kuwaka, na ukipima kwa mashine unakuta namba ya hitilafu P0128, yaani injini haifiki joto linalotakiwa kwa muda uliopangwa.

Kwa nini kuitoa kabisa ni kubaya zaidi

Injini nyingi za Kijapani za miaka ya karibuni zina themostati ya visahani viwili. Kisahani kikubwa hufungua njia ya rejeta, na wakati huo huo kisahani kidogo cha chini huziba njia ya mkato, ile inayorudisha maji kwenye injini bila kupoa. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi muda wote. Sehemu ya maji ya moto inazunguka humo humo bila kuiona rejeta. Kwenye safari nyepesi gari linakuwa baridi mno, na ukipanda mlima Kitonga umebeba watu na mizigo linachemsha kuliko mwanzo. Mtu akikwambia "nilitoa themostati na bado linachemsha", anza kwa kuirudisha.

Nani anafaidika kweli na themostati ya baridi, yaani inayofunguka mapema

Wapo. Vitabu vya mafundi vya injini nyingi za zamani za Nissan viliorodhesha themostati tatu: 76.5 kwa nchi za joto, 82 kwa nchi za wastani na 88 kwa nchi za baridi kali. Kama una pikapu ya zamani ya namna hiyo, ya dizeli au ya kabureta, ya 76.5 ni chaguo la mtengenezaji mwenyewe kwa mji kama Dar, na kabureta haina kompyuta ya kudanganyika. Wengine ni wenye injini za turbo zilizoongezewa nguvu, ambako maji ya baridi kidogo hupunguza injini kugonga. Hata hao washuke hatua moja tu, na feni nayo ipangwe iwake mapema, la sivyo themostati inafunguka mapema kisha inakaa kuisubiri feni.

Kwa gari la kawaida, funga namba ileile iliyotoka kiwandani.

Kabla ya kununua chochote, tafuta linapochemshia

Wakati gari linapochemsha unakwambia mengi kuliko mshale wenyewe.

Likichemsha kwenye foleni na kupoa likikimbia, shida ni upepo. Washa injini, washa AC, nenda mbele ya gari: kwa magari mengi feni inapaswa kuwaka ndani ya sekunde chache. Ikiwa kimya, angalia fyuzi, rilei na mota yake. Ikizunguka kivivu, brashi za mota zimekwisha. Angalia pia kama ile plastiki inayoizingira feni ipo na haijavunjika, kwa sababu bila hiyo feni inavuta upepo wa pembeni badala ya kuupitisha kwenye rejeta. Kwa Hiace na magari mengine yenye feni inayovutwa na mkanda, zima injini ya moto kisha zungusha feni kwa mkono: ikizunguka huru bila ubishi wowote, klachi ya feni imekufa.

Halafu chungulia kati ya rejeta na kondensa ya AC. Hapo pana nafasi ya vidole viwili tu, na hapo hukusanyika vumbi la barabara za mitaani, majani na wadudu mpaka linakuwa kama blanketi. Ukiangalia kwa mbele kondensa inaonekana safi, na fundi anakuapia rejeta haina tatizo. Legeza rejeta juu, isogeze kidogo, osha kwa maji ya presha ndogo kutoka upande wa injini kwenda mbele. Presha kubwa inakunja mapezi.

Likichemsha kwenye mwendo mkubwa au mlima, shida ni mzunguko wa maji: rejeta imeziba ndani, wota pampu imelika mapanga, au gasketi ya silinda hedi inapitisha gesi. Maji ya rangi ya kutu ni dalili ya wazi. Visima vingi vya Dar vina chumvi, na maji hayo yakijazwa kwenye rejeta huacha ugumu kama ule unaouona ndani ya birika na kula aluminiamu. Gasketi ijue hivi: injini ikiwa ya baridi fungua mfuniko, washa, na uangalie mapovu yanayotoka mfululizo bila kukoma huku maji yakisukumwa nje.

Likichemsha dakika chache tu baada ya kuwashwa, na mpira wa chini wa rejeta bado ni wa baridi, hapo ndipo themostati inapokuwa mshitakiwa. Imegoma kufunguka, au kuna hewa imenaswa.

Usisahau mfuniko wa rejeta. Umeandikwa presha yake, 0.9 au 1.1. Hapa Dar, usawa wa bahari, maji matupu huchemka kwenye nyuzi 100. Mfuniko mzima wa 1.1 unapandisha kiwango hicho hadi karibu 120. Raba yake ikipasuka, gari linaloendesha maji kwenye nyuzi 102 bila tabu litaanza kuyatapika. Ni kifaa cha bei ndogo, kibadilishe kwanza.

Kuipima themostati kwenye sufuria

Unahitaji sufuria, jiko, uzi, na kipimajoto cha jikoni kinachofika nyuzi 110. Kile cha kupimia homa kinaishia 42, usikiingize.

Kwanza iangalie ikiwa ya baridi. Inyanyue usawa wa taa: usione mwanga ukipenya pembeni ya kilango. Ukiuona, haifungi tena. Kisha fungua kilango kidogo, bana uzi hapo, na uining'inize ndani ya maji isiguse chini wala ubavuni mwa sufuria, kwa sababu chuma cha sufuria kina joto kuliko maji na kitakudanganya. Ncha ya kipimajoto ikae karibu na kikopo cha nta. Pasha kwa moto mdogo ukikoroga. Kilango kikianza kufunguka uzi utaachia na themostati itazama. Soma namba pale pale.

Ya 82 ikiachia kati ya 80 na 84 ni nzima. Iinue tena, endelea kupasha hadi 95, itoe haraka kwa koleo na upime pengo kwa rula: milimita 8 au zaidi. Iache ipoe uone kama inajifunga yote. Inayofunguka nusu ndiyo hatari zaidi, kwa sababu gari litakuwa sawa kila siku na kuchemsha siku ya safari tu. Ukipimia Mbeya, kumbuka maji ya huko huchemka karibu nyuzi 94, hivyo hutaifikisha 95 kwenye sufuria.

Kuinunua

Nenda Kariakoo au Ilala ukiwa na themostati ya zamani mkononi na namba ya injini, sio jina la gari peke yake. Vitz ya 1KR na Vitz ya 1NZ ni injini tofauti. Linganisha upana wa duara la nje, urefu, kisahani cha chini kama kipo, na namba ya joto iliyochapwa kwenye chuma. Kwa Subaru EJ linganisha pia unene wa kikopo cha nta: zipo za kuiga zenye kikopo chembamba na kilango kidogo, na injini hizo hazizivumilii. Dai raba mpya. Ukifika nyumbani, hata mpya ipitishe kwenye sufuria. Ni dakika 15, na spea feki zipo.

Kuifunga

1. Acha injini ipoe saa 2 au zaidi. Usiguse mfuniko wa rejeta ukiwa wa moto. Maji yaliyo juu ya nyuzi 100 yakipata upenyo hugeuka mvuke papo hapo na kukuunguza uso na mikono.

2. Kinga kulanti, yaani maji ya rejeta yenye dawa, kwenye beseni safi. Ina ladha tamu na ni sumu, kwa hiyo watoto, paka na mbuzi wasiifikie.

3. Fuata mpira wa rejeta hadi unapoingia kwenye injini. Kwenye baadhi ya injini themostati iko mwisho wa mpira wa juu. Kwenye nyingine nyingi, 1NZ ikiwemo, iko upande wa mpira wa chini, na wakati mwingine altaneta inakuzuia. Fungua nati zake, kwa kawaida spana namba 10.

4. Kabla ya kuichomoa ya zamani, piga picha. Angalia ile pini ndogo inayocheza kwenye ukingo ilikuwa imeelekea wapi. Hicho ni kitundu cha kutolea hewa, na kwenye injini nyingi kinakaa juu, saa 12. Kikigeuzwa chini, hewa inanaswa nyuma ya kilango, kikopo cha nta hakiguswi na maji, na themostati mpya kabisa inagoma kufunguka.

5. Safisha kiti kwa kitambaa na kipande cha plastiki. Bisibisi inachora aluminiamu na mkwaruzo mmoja unatosha kuvujisha.

6. Vika raba mpya kuzunguka ukingo wa themostati. Usipake silikoni juu ya raba. Ikizidi inachanika na kwenda kuziba vijia vya rejeta. Upande wa springi na kikopo cha nta uelekee ndani ya injini.

7. Kaza kwa zamu, kidogo huku kidogo kule, hadi Nm 9 au 10. Kwa mkono usio na torki renchi (spana ya kupimia ukazaji), ni ukazaji wa kifundo cha mkono, si wa bega. Zile bolti ndogo zinakatika upesi.

8. Jaza kulanti. Injini ya cc 1500 huchukua karibu lita 5. Iliyochanganywa tayari mwaga kama ilivyo. Ya kuchanganya tumia nusu kwa nusu na maji yasiyo na chumvi, yale ya kuongezea betri, na uhakikishe hukupewa asidi. Usichanganye aina mbili usizozijua.

9. Toa hewa. Pandisha pua ya gari kwenye mwinuko kidogo, weka hita kwenye moto wa mwisho, acha mfuniko wazi na uwashe. Binya mipira ya rejeta mara kwa mara ukiona mapovu yanatoka, ongeza kulanti. Subiri mpaka mpira wa chini uwe wa moto na feni iwake na kuzima mara mbili. Funga mfuniko. Ukipuliza hita na ikatoka hewa ya baridi wakati injini ina moto, hewa bado imo.

10. Kesho yake asubuhi, injini ikiwa ya baridi, angalia tena usawa wa maji. Karibu kila mara utaongeza kidogo.

Kusoma matokeo

Usiutegemee mshale. Kwenye Toyota nyingi umepangwa ukae katikati kwa masafa marefu ya joto ili dereva asihangaike, na ukianza kupanda tayari umechelewa. Vitz na Passo nyingi hazina hata mshale, ni taa ya bluu na nyekundu tu. Nunua kifaa kidogo cha OBD2, kinachochomekwa kwenye soketi ya kompyuta ya gari na kuunganishwa na simu, na usome namba yenyewe.

Gari zima lenye themostati ya 82 litakuonyesha 82 hadi 90 kwenye mwendo, na kwenye foleni litapanda hadi karibu 95 au 97, feni iwake, lishuke. Hiyo ni kazi inavyotakiwa, usiitafutie dawa. Likikaa chini ya 75 kwenye njia ya Morogoro, au taa ya bluu ikichelewa kuzima zaidi ya dakika 10 za mwendo, themostati imegoma kufunga. Likipita 105 zima AC, fungua hita kwenye moto wa mwisho na feni yake juu, tafuta pa kuegesha. Hita ni rejeta ndogo ya pili na mara nyingi hupunguza nyuzi kadhaa za kukufikisha kando ya barabara. Likizidi hapo zima injini, na usiimwagie maji ya baridi kwa nje, silinda hedi ya aluminiamu inapinda.